Sotoka na Ukuta wa Ufipa

Kutoka Kizwite, Sumbawanga, hadi mpaka wa Zambia si mbali, na kwa watu wengi safari hiyo ni ya biashara tu: mahindi, maharage, ng'ombe wa mnada. Daktari wa mifugo huiona nchi hii kwa jicho lingine. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika. Mashariki ardhi inaporomoka ghafla kwenye miteremko ya Lyamba lya Mfipa mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Ukishuka kusini-mashariki kupitia Mbozi na Rungwe unalikuta Ziwa Nyasa. Kati ya ncha ya kusini ya Tanganyika na ncha ya kaskazini ya Nyasa imebaki nchi kavu ya takribani kilomita 300. Njia nyingine ya kwenda kusini ni kuzunguka mashariki ya Nyasa na kuvuka Ruvuma, nchi ya mbung'o isiyo na ng'ombe wengi. Kwa hiyo ugonjwa wowote wa ng'ombe unaotoka kaskazini kwenda Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini sharti ubishe hodi hapa kwanza.

Mara mbili katika karne iliyopita kirusi hatari kuliko vyote vilivyowahi kuwapata ng'ombe kilibisha hodi, na mara zote mbili kikazuiwa. Silaha ilikuwa chanjo, tena chanjo za siku zile ambazo zilikuwa zikijaribiwa huku zikitumika. Historia ya namna binadamu alivyojifunza kutengeneza chanjo dhidi ya virusi vikali husimuliwa kwa majina ya Paris, Berlin na London. Sehemu kubwa yake imeandikwa Kabete, Muguga, Mpwapwa na katika ukanda huu wetu, na nadhani ni wakati isimuliwe hivyo.

Ugonjwa wenyewe ni sotoka. Vijana wa leo wanaweza kumaliza shule bila kulisikia jina hilo, na hilo peke yake ni ushahidi wa kazi iliyofanyika. Ng'ombe aliyeshikwa na sotoka alipata homa kali, machozi na kamasi zikamtoka mfululizo, vidonda vikaota mdomoni kiasi cha kushindwa kula, kisha akaharisha mpaka maji yote yakamwisha mwilini. Wengi walikufa kati ya siku ya 6 na ya 12. Katika zizi ambalo halijawahi kuguswa, ng'ombe tisa kati ya kumi waliweza kufa. Nyati, pofu, tandala na ngiri walikufa vilevile. Binadamu hakuugua, lakini aliyekuwa akiishi kwa ng'ombe alikufa kwa njaa. Kirusi hicho ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua; wataalamu wa vinasaba wanaona kwamba surua yetu ilichipuka kutoka ukoo mmoja nacho, zamani binadamu alipoanza kuishi bega kwa bega na mifugo.

Mwaka 1887 jeshi la Italia liliingiza ng'ombe wagonjwa katika bandari ya Massawa, Eritrea. Ethiopia ikapoteza takribani mifugo yake yote, na njaa iliyofuata, kuanzia 1888 hadi 1892, bado inakumbukwa huko kama siku mbaya kuliko zote. Ugonjwa ukateremka. Kufikia 1891 ulikuwa Umasaini, na Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika habari za Wamasai waliobaki mifupa mitupu. Haukusimama. Ulipita kati ya maziwa, juu ya nyanda hizi za Wafipa, Wamambwe na Wanyiha, ukaendelea hadi Zambezi. Hapo ulikaa miaka michache, kisha Machi 1896 ukavuka kuingia Rhodesia. Kusini ya mto huo walikufa ng'ombe wapatao milioni 2.5.

Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na maendeleo ya Afrika Mashariki, aliuweka ugonjwa huo katikati ya maelezo yake juu ya kuanguka kwa jamii zetu mbele ya wakoloni. Hoja yake ina uzito. Ng'ombe wakifa, mbolea inakwisha, maziwa yanakwisha, mahari inakosekana, na malisho yasiyoliwa yanageuka vichaka. Vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta malale. Mwaka ambao Wajerumani walikuwa wakijenga boma lao la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, hawakuwa wakiingia katika nchi iliyosimama imara. Waliikuta nchi iliyofiwa.

Huko kusini, serikali ya Koloni la Rasi, Afrika Kusini, ilimwita Robert Koch, bingwa wa Ujerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, naye akafika Kimberley Desemba 1896. Njia aliyoitangaza miezi michache baadaye inashangaza mpaka leo: alichukua nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka akawachoma wazima. Wengine walipata kinga ya miezi kadhaa, wengine wakaugua. Wakati huohuo Arnold Theiler na wenzake walikuwa wakifuata njia ya damu: ng'ombe aliyepona ana kitu katika damu yake kinachoua ugonjwa. Wilhelm Kolle na George Turner wakaunganisha mambo mawili. Ng'ombe alichomwa damu yenye kirusi kikali upande mmoja na seramu ya ng'ombe aliyepona upande wa pili, kwa wakati mmoja. Aliugua kidogo, akapona, akawa na kinga ya maisha. Hakuna aliyejua bado kinachosababisha ugonjwa huo. Mwaka 1902 tu ndipo Maurice Nicolle na Adil-Bey, daktari wa mifugo wa Kituruki, walipoonyesha huko Istanbul kwamba kisababishi hupenya kwenye chujio linalozuia bakteria. Kilikuwa kirusi.

Njia ya damu na seramu iliokoa ng'ombe, lakini ilikuwa kama kumwashia mtu moto mdogo ili asiogope mkubwa. Seramu ikiwa hafifu, au kipimo kikikosewa, ng'ombe alikufa kwa ugonjwa uleule aliochanjwa dhidi yake, na akaueneza. Damu iliyochukuliwa kwa mnyama mmoja ilibeba pia vimelea vingine vya damu. Na ili kupata seramu ya kutosha ilibidi kufuga makundi ya ng'ombe kwa kazi ya kutolewa damu tu.

Kwa silaha hiyo ndipo ukuta wa kwanza ulipojengwa hapa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia Afrika Mashariki, majeshi yalitembea na maksai wa kukokota mikokoteni na ng'ombe wa kuchinja, na sotoka ikatembea nao. Bismarckburg ilitekwa Juni 1916 na askari waliotoka Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa ukielekea kusini, na watawala wa Rhodesia na wa Muungano wa Afrika Kusini wakatetemeka, maana miaka ya 1896 na 1897 haikuwa imesahaulika. Badala ya kungoja mpakani, waliamua kuchanja ng'ombe katika ukanda wote kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ili kirusi kifike mahali ambapo kila ng'ombe kinachomgusa tayari ana kinga. Kirusi hakina miguu. Kikikosa mwili wa kukipokea, kinakufa ndani ya siku chache.

Wazo hilo ni jepesi kulisema, gumu kulitenda. Ilibidi kuwaendea wafugaji waliokuwa wametoka kuporwa ng'ombe na majeshi ya pande mbili, katika nchi yenye vita na njaa, na kuwaambia walete wale waliosalia wachomwe damu ya ng'ombe mgonjwa. Mfugaji yeyote mwenye akili angesita. Wengine walificha, na siwalaumu. Lakini ukanda ulifungwa, na mwaka 1918 sotoka ilizimika upande huu bila kuvuka kwenda kusini.

Kazi ya kutafuta chanjo bora ilihamia Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwenye maabara ya mifugo iliyoanzishwa na serikali ya Kenya karibu mwaka 1910. Kutoka kwa ng'ombe mmoja mgonjwa wa siku hizo maabara ilichukua kirusi kilichokuja kuitwa Kabete O. Kilitunzwa kwa kuhamishwa kutoka ng'ombe hadi ng'ombe kwa miaka mingi; kilikuwa kikali, nacho kilitumika kupima nguvu ya kila chanjo mpya. Mnyama aliyechanjwa alichomwa Kabete O baada ya wiki chache. Akibaki mzima, chanjo imefaulu. Kumbuka jina hilo, maana litarudi kwa sura nyingine kabisa.

Kwanza walitengeneza chanjo ya kirusi kilichouawa. Wengu la ndama mgonjwa lilisagwa, likatiwa dawa ya kuua kirusi, kisha likachomwa kwa wazima. Ilikuwa salama. Kinga yake, hata hivyo, ilidumu miezi tu, na ndama mmoja aliyeuawa alitoa dozi chache. Wakati huo kule Muktesar, India, J. T. Edwards alikuwa amegundua kwamba kirusi cha sotoka kikipitishwa kwa mbuzi, kutoka mmoja hadi mwingine mara nyingi sana, kinazoea mbuzi na kupoteza makali yake kwa ng'ombe. Maabara ya Kabete chini ya Robert Daubney ikafanya hivyohivyo, ikapata chanjo hai iliyojulikana kama ya mbuzi wa Kabete. Ng'ombe wetu wa zebu waliochomwa walipata homa ya siku mbili tatu, wakapona, wakawa na kinga ya miaka mingi. Kwa ng'ombe wa Ankole na wale wa Ulaya ilikuwa kali mno, na wengine walikufa. Pia iliwaamsha wadudu wa damu waliokuwa wamelala mwilini mwa mnyama, hivyo ng'ombe akapona chanjo na kufa kwa ndigana.

Chanjo hiyo yenye kasoro zake ndiyo iliyoletwa kwetu katika hatari ya pili. Kuanzia miaka ya 1937 na 1938 sotoka ilikuwa ikishuka katikati ya Tanganyika, safari hii ikibebwa pia na wanyama wa porini. Kufikia 1939 ilitishia ukanda wetu. Vita ya Pili ilikuwa imeanza, lakini Afrika Kusini na nchi za Rhodesia hazikusita kutoa watu na fedha. Idara ya mifugo ya Tanganyika, yenye makao na maabara yake Mpwapwa, ilichanja ng'ombe kwa wingi kwa chanjo ya mbuzi, na hadi 1941 ukuta wa kinga ulikuwa umerudishwa kati ya maziwa. H. J. Lowe wa idara hiyo aliieleza sotoka ya Tanganyika katika makala ya mwaka 1942.

Lakini nyati hachanjwi. Hapo ndipo wakuu wa kampeni walipoingia katika jambo ambalo naliona la kusikitisha zaidi katika historia yote hii. Waliamini kwamba wanyamapori ndio ghala la ugonjwa. Wakajenga uzio wa matawi na vichaka vilivyofyekwa ili kuwazuia wasipite, na waliokaribia wakapigwa risasi. A. D. Thomas wa maabara ya mifugo ya Onderstepoort, Afrika Kusini, na N. R. Reid walichapisha mwaka 1944 taarifa ya kitaalamu juu ya mlipuko huo kwa wanyama na jaribio hilo la uzio. Ukiisoma historia hiyo ukiwa na ujuzi wa leo, unaona watu wenye bidii kubwa wakielekeza bunduki mahali pasipo chanzo. Wakati huo hakuna aliyekuwa na njia ya kujua. Jibu lilikuja miaka 20 baadaye, na lilitoka katika chanjo yenyewe.

Mwaka 1956 hivi alifika Muguga, kwenye taasisi ya utafiti wa mifugo iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, daktari wa mifugo Mwingereza aliyeitwa Walter Plowright. Miaka michache kabla, huko Marekani, kundi la John Enders lilikuwa limeonyesha kwamba virusi vya polio vinaweza kuoteshwa kwenye chembe hai ndani ya chupa, bila mnyama. Plowright na mwenzake R. D. Ferris wakachukua figo za ndama, wakazitenganisha chembe, wakazilaza kwenye chupa zikaota utando mwembamba, kisha wakaziambukiza kirusi. Kirusi walichochagua ni kilekile Kabete O, muuaji aliyekuwa akitumika kupima chanjo za wengine.

Walikihamisha kutoka chupa hadi chupa. Baada ya kila hatua kadhaa waliwachoma ng'ombe na kuangalia. Mwanzoni waliugua. Kadiri hatua zilivyoongezeka homa ikapungua, vidonda vya mdomo vikatoweka, kuhara kukakoma. Walipokaribia hatua ya 90 kirusi hakikumdhuru ng'ombe hata kidogo, lakini mwili wake ulikitambua na kujikinga. Ukaja mtihani mgumu zaidi: je, kirusi kilichofugwa kinaweza kuhama kutoka aliyechanjwa kwenda kwa jirani yake na kurudisha makali njiani? Waliwaweka ng'ombe wasiochanjwa katika zizi moja na waliochanjwa. Hakikuhama. Waliwachanja zebu, Ankole, ng'ombe wa kizungu, ndama, majike wenye mimba. Wote salama. Kisha wakawachoma kirusi kikali. Wakasimama.

Matokeo makuu yalichapishwa mwaka 1962. Dozi moja, kinga ya maisha, kwa gharama ya senti chache. Kusema maisha si kutia chumvi: Plowright aliendelea kuwapima ng'ombe waliotunzwa mbali na ugonjwa kwa miaka 6 hadi 11 baada ya sindano moja, akatoa matokeo mwaka 1984, na kinga ilikuwa bado ipo. Dosari iliyobaki ilikuwa ndogo lakini ya kweli. Ndama aliyenyonya dang'a ya mama mwenye kinga hubeba kingamwili za mama kwa miezi kadhaa, nazo huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Bwana mifugo alilazimika kurudi.

Sasa yale ya wanyamapori. Katika Serengeti, nyumbu wachanga walikuwa wakifa kila mwaka kwa sotoka. Mwaka 1961 nyumbu wote walikadiriwa kuwa takribani 260,000. Chanjo ya ng'ombe ilipoenezwa kuzunguka hifadhi, bila nyumbu hata mmoja kuguswa kwa sindano, ugonjwa ulitoweka kwao kufikia 1963, na kufikia 1977 nyumbu walikuwa wapatao milioni 1.3. Kundi lile kubwa ambalo leo watalii huvuka bahari kuja kulitazama lilikuzwa na sindano zilizochomwa kwenye mazizi ya Wamasai na Wasukuma. Maana yake kwa historia ya Ufipa ni nzito: ghala la sotoka lilikuwa ng'ombe, na wanyama wa porini walikuwa wakiambukizwa kutoka kwao. Pofu na nyati waliopigwa risasi kwenye uzio wa miaka ile walikuwa wagonjwa wa jirani, hawakuwa chanzo.

Mradi wa bara zima wa kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka ulianza mwaka 1962 kwenye bonde la Ziwa Chad, ukapita nchi 22, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, ukafungwa 1976. Sotoka ilikuwa imebaki katika vishimo vichache tu. Halafu fedha zikaisha, kampeni zikalegea, ndama wa miaka mipya wakazaliwa bila chanjo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ukalipuka tena kutoka Afrika Magharibi hadi kwetu. Mwaka 1982 nyati walikufa kaskazini mwa Tanzania. Ufipa haikuguswa. Lakini waliokumbuka ramani walijua kwamba kilomita kati ya Serengeti na Rukwa ni chache kuliko zile ambazo kirusi kilikwishatembea.

Tatizo lililobaki halikuwa ubora wa chanjo. Chanjo ya Plowright ilihitaji barafu, na sotoka ilikuwa imejificha mahali ambapo barafu haifiki na gari la serikali haliingii: Sudan ya Kusini, Afar, Karamoja, Somalia. Jeffrey Mariner, Mmarekani, alibadilisha namna ya kuikausha chanjo hiyohiyo mwaka 1990 hivi ikawa inavumilia joto kwa wiki kadhaa. Ndipo wakapewa wafugaji wenyewe. Vijana wa kuchunga walifundishwa kuchoma sindano, wakaingia kwenye kambi za ng'ombe wanazozijua, kwa watu wanaowaita baba na mjomba. Sudan ya Kusini, katikati ya vita, ng'ombe zaidi ya milioni moja walichanjwa mwaka 1993. Miaka 75 baada ya wafugaji wa ukanda wetu kuamriwa tu walete ng'ombe, hatimaye sindano ilikuwa mkononi mwa mfugaji. Naamini hapo ndipo vita vilipoamuliwa.

Mwaka 1997 kirusi dhaifu, kigumu kukitambua kwa macho, kilionekana kwa ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania, na chanjo ya dharura ikakifunga. Mara ya mwisho kabisa kilithibitishwa mwaka 2001 kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Baada ya hapo ikaja hatua iliyohitaji ujasiri wa aina nyingine: kuacha kuchanja. Ng'ombe wote wakiwa na kingamwili huwezi kujua kama zimetoka kwenye chanjo au kwenye ugonjwa. Nchi moja baada ya nyingine ilisimamisha sindano, ikapima damu za ndama wapya, ikangoja. Plowright alifariki Februari 2010. Juni 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui kufutwa na binadamu.

Wanaohangaikia virusi vipya vya binadamu wamekuwa wakirudi kwenye mbinu hizi. Chanjo ya Ebola iliyojaribiwa Guinea mwaka 2015 haikutolewa kwa nchi nzima. Walichanjwa waliomgusa mgonjwa na waliowagusa hao, pete kumzunguka kila mmoja, kama ndui ilivyozimwa. Ni ukuta wa kinga uliojengwa mahali kirusi kilipo badala ya mpakani. Tofauti kubwa ni ya kimaadili. Ng'ombe wa Kabete alichomwa Kabete O ili ijulikane kama chanjo inafaa. Binadamu hawezi kufanyiwa hivyo. Guinea walipiga kura: baadhi ya pete zilichanjwa papo hapo, nyingine baada ya siku 21, kisha wakalinganisha. Katika zilizochanjwa mara moja hapakutokea mgonjwa mpya kuanzia siku ya 10. Kivu ya Kaskazini, kati ya 2018 na 2020, chanjo hiyo ilichomwa kwa zaidi ya watu 300,000 katikati ya risasi. Chanjo nyingine ya Ebola, ya sindano mbili, ilijaribiwa mapema kwa watu wazima wa kujitolea Entebbe na Mwanza. Ugonjwa wa Marburg uliotangazwa Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025 ulizimwa bila chanjo yoyote iliyoidhinishwa, kwa kutenga wagonjwa na kufuatilia waliowagusa. Uganda, iliyokuwa na itifaki na dozi tayari kabla ya mlipuko, ilianza kujaribu chanjo dhidi ya Ebola ya Sudan Februari 2025 siku nne tu baada ya kuutangaza ugonjwa.

Kwa ukanda wetu, hata hivyo, hodi ya tatu imetoka kwa ndugu mwingine wa sotoka. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyotambuliwa kwanza Ivory Coast mwaka 1942, ilithibitishwa nchini Tanzania mwaka 2008 huko Ngorongoro, na ndani ya miaka miwili ilikuwa imefika Mtwara. Novemba 2010 wataalamu walitoa tahadhari kwamba mbuzi na kondoo zaidi ya milioni 50 wa nchi za kusini wako hatarini, wakashauri chanjo katika maeneo ya mipaka ya Tanzania na Malawi, Msumbiji na Zambia. Yeyote anayeijua 1918 na 1941 angeweza kuichora ramani hiyo akiwa amefumba macho.

Chanjo ipo. Zamani mbuzi walichomwa ileile ya Plowright, kwa kuwa virusi hivi viwili vinafanana kiasi cha kukingana. Tangu sotoka ya ng'ombe itokomezwe matumizi hayo yamekatazwa, na maabara nyingi zimeharibu akiba zao za kirusi chake, Pirbright ya Uingereza ikifanya hivyo mwaka 2019. Inayotumika sasa ilitokana na kirusi kilichopatikana Nigeria mwaka 1975, kikadhoofishwa kwenye chupa kwa njia ya Muguga na Adama Diallo na wenzake. Inakinga miaka mitatu na zaidi. Mpango wa kimataifa uliopitishwa Abidjan mwaka 2015 unataka ugonjwa uishe kufikia 2030, na kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 imewaweka mbuzi na kondoo pamoja na ng'ombe na kuku.

Ugumu ni mbuzi mwenyewe. Ng'ombe hukaa zizini miaka 10, na anayechanjwa leo anabaki ukutani muda wote huo. Mbuzi huzaa upesi na huuzwa upesi: ada ya shule, mgonjwa hospitalini, mgeni wa heshima. Kundi lililochanjwa lote leo, baada ya mwaka mmoja robo yake au zaidi ni wanyama wapya wasio na kinga. Ukuta wa ng'ombe ulijengwa ukasimama. Huu wa mbuzi, kutoka Kirando na Kasanga ziwani, kupitia Matai na mpaka wa Kasesya hadi Tunduma, inabidi ujengwe upya kila msimu, na anayeujenga ni bwana mifugo mwenye pikipiki, kisanduku cha barafu na orodha ya vitongoji ambayo hajapewa mafuta ya kuimaliza.